Mtihani wa Mapokezi

Binti wa mapokezi katika hoteli ya chuo chetu, hapa Bariadi, hufanya mazoezi ya Kiingereza kwa simu ya mezani isiyounganishwa popote. Huishika kwa mikono miwili, hutabasamu kwanza, kisha husema, “Good morning, how may I help you?” Akifika kwenye r hupunguza mwendo, maana nyumbani kwao Dutwa ulimi umezoea l.

Siku ya mtihani, ambao ulikuwa wa Kiingereza kitupu, aliingia mama mzee na mfuko wake wa nguo. Binti akaitamka sentensi yake bila kosa. “Samahani, mwanangu, nimepotea,” mama akasema, akageuka kuondoka. Binti alimtazama mwalimu aliyeshika karatasi ya maksi, akatoka nyuma ya kaunta, akapiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake: “Mwangaluka, mayu. Hujapotea.” Mwalimu akaandika sifuri. Binti alikuwa ameshaupokea mfuko.