Njuga Mguuni mwa Mama

Njuga zile zilikuwa zangu. Nilifungwa miguuni nilipoanza kutembea, ili mama akiwa jikoni asikie nimefika wapi. Miaka michache baada ya Mapinduzi, akili zake zilipoanza kumtoka, nilizitoa sandukuni nikamfunga yeye.

Msinitazame hivyo. Nilikuwa peke yangu naye katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, na alishanitoroka mara nyingi akitaka kupanda gari la moshi la Bububu, ambalo reli yake iling'olewa mimi sijazaliwa. Kabla ya njuga nilikuwa namwita kutwa. "Mama!" Naye popote alipo huitika, "Naam." Sauti ilinikauka, majirani wakanitania kwamba nimekuwa mwadhini. Zilipokuja njuga nikanyamaza, nikawa napika huku nasikiliza mguu wake ukipita uani.

Alasiri moja nilikuwa nakuna nazi. Njuga zinalia uani, zinakwenda, zinasimama, zinarudi. Nikajisemea leo ametulia. Nilipotoka kumpelekea chai nikamkuta mbuzi wetu anatafuna maganda ya ndizi, njuga zimefungwa mguuni mwake. Penye birika la udhu palikuwa pamelowa. Mama alikuwa ameshalisahau hata jina langu, lakini hakusahau kwamba maji ya udhu lazima yafike mguu mzima, basi alizifungua. Kwa nini akamvisha mbuzi, Mungu anajua. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Nilichanganyikiwa. Nilitoka bila buibui, mimi ambaye sikuwahi hata kuchungulia mlangoni bila buibui. Sokoni Darajani kila mtu alikuwa amemwona, na kila mtu ananionyesha upande wake. Nikashika barabara ya Bububu nikilia bila haya. Kila kikongwe niliyemwona kwa mbali nilidhani ni yeye, nikifika siye. Nilimwomba Mungu anirudishie mama yangu hata akiwa amevunjika mguu, kisha nikaogopa dua yangu mwenyewe.

Nilimpata karibu na Bububu, amekaa kando ya njia, miguu peku, vidole vinatoka damu. Nilipiga magoti nikamshika mikono. Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni, akanisogezea nafasi nikae.

"Mwanangu siku hizi haniti," akaniambia. "Nnakaa nnangoja anite, haniti."

Nilitaka kumweleza habari za njuga. Nikaweza neno moja tu, na hilo nalo lilitoka kwa shida.

"Mama."

Uso wake ulikunjuka. Lakini hakunitazama. Aligeukia upande wa mjini nilikotoka, akainua shingo.

"Naam!" akaitika.

Kisha akaanza kuichomoa mikono yake taratibu katika yangu.

"Niwache, bibi," akasema. "Nnaitwa nyumbani."