Karani Anasimama

Kwa miaka kumi na tisa karani huyu alikaa mbele ya kiti cha hakimu akiandika kila neno lililotamkwa mahakamani, na kazi yenyewe ilikuwa na sharti moja: mdomo ufungwe. Mawakili warushiane vijembe, shahidi adanganye mchana kweupe, yeye aandike tu. Mtu wa namna hiyo ndiye akaenda kusomea uwakili. Vitabu havikumshinda hata kidogo. Kilichomshinda ni kusimama. Katika mtihani wa kesi ya majaribio, mara mbili mpinzani wake alimlisha shahidi wake maneno waziwazi, jambo lililokatazwa, na badala ya kupinga, yeye aliinama akaandika. Mara mbili watahini wakamwangusha. Leo ilikuwa ya tatu, na ya nne hairuhusiwi.

Bintiye alishindwa kumwelewa. "Mama, nyumbani humwachi mtu amalize sentensi. Huko unapatwa na nini?"

Laiti angejua. Alipofika kwenye chumba cha mtihani, kalamu aliiacha mkobani makusudi, na mkoba wenyewe akauacha mlangoni.

Haikusaidia kitu. Mpinzani, bwana mmoja wa tai nyekundu, alimgeukia shahidi wake: "Ulimwona mshtakiwa akivunja dirisha, sivyo?" Kidole cha karani kikaanza kuandika juu ya meza tupu. Alikitazama kikienda, neno baada ya neno, na hofu ikamshika kwelikweli. Shahidi akajibu ndiyo. Hapo akakikunja kile kidole ngumini, akainuka kwa kishindo hadi kiti kikaanguka.

"Napinga, Mheshimiwa. Amemlisha shahidi jibu."

"Shahidi keshajibu," alisema mtahini aliyekaa kama hakimu.

"Basi naomba jibu lifutwe." Sauti ilitetemeka, lakini hakukaa.

Mtahini alikubali. Kisha akamwona mwanafunzi aliyepewa ukarani kaduwaa, kalamu hewani, akamgeukia aliyepinga. "Aandike nani amepinga? Hujajitambulisha tangu tuanze."

Kweli, alisahau. Karani hajitambulishi. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyewauliza mawakili majina yao, na mle ndani hakuna aliyewahi kumuuliza lake. Machozi yalimlenga. Akalitaja, la kwake na la baba yake, polepole, ili karani apate kuandika.