Daktari Alisema Risasi, Mdogo Wangu Akaongeza Bunduki

Mhariri, ficha jina langu. Mkono wangu Lushoto nzima wanaujua.

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, fundi betri. Sikurithi kitu. Mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa na kujaa barabara ya Mombo, nilikusanya betri mbovu, nikayeyusha madini yake ya risasi kwenye sufuria uani na kumimina sahani mpya za ndani ya betri. Miaka tisa nimevuta moshi ule huku nikinywa maziwa, maana mafundi tunaamini maziwa yanaosha kifua. Nikajenga, nikaoa, nikamchukua mdogo wangu nikamfundisha kazi.

Kisha kiganja cha kulia kikalegea. Hakiumi, kinaning'inia tu. Nakiambia inuka, hakisikii. Daktari akanionyesha kwenye kioo mstari wa bluu kwenye fizi zangu. "Risasi imekuharibu mishipa ya fahamu. Ni ule moshi. Anayeacha mapema hupona. Wewe umechelewa."

Nilirudi nikamwambia mdogo wangu, "Risasi imeniharibu mishipa." Hakungoja nimalizie. Alikwenda stendi akawaambia madereva, "Kaka kala risasi." Hakudanganya hata herufi, ila wao walisikia bunduki. Kufika jioni nimeshakuwa mwizi aliyetunguliwa na askari huko Korogwe. Nani amwachie mwizi betri yake?

Nilipokwenda kujieleza, kondakta mmoja akapaza sauti: "Mleteeni mzee maji, mkono umeshakaa mkao wa kunawa!" Stendi nzima ikacheka, na mdogo wangu akacheka kuwapita. "Kaka, pumzika nyumbani. Unanifukuzia wateja."

Leo kibanda changu cha betri ni chake. Mimi nafungwa vifungo vya shati na mke wangu.

Juzi mdogo wangu alikuja. "Shikamoo, kaka." Mke wangu akampa chai, kikombe kikamponyoka kikapasuka. "Ah, shemeji, mkono umelala leo," akasema huku anacheka. Ndipo nikauona kwenye fizi zake mstari ule ule wa bluu. Nikamwambia pole, basi.

Mke wangu hanipi usingizi: "Mwambie, baba, angali na nafasi." Nami najua kila sufuria anayoweka motoni inaipunguza nafasi hiyo.

Ndugu wasomaji, nishaurini. Nimmalizie yale maneno ya daktari ambayo hakungoja kuyasikia? Au ninyamaze mpaka mkono wake nao uanguke, kisha niende stendi nikawaulize madereva safari hii ni askari gani aliyempiga?