Mama wa Idara

Habari ile Daktari Nelima Wepukhulu aliambiwa kwenye korido, tena akiwa ameshika kikombe cha chai. Hata kuitwa ofisini hakuitwa. Profesa Ogola, mwenyekiti wa Idara ya Sosiolojia, alimsimamisha njiani, akatabasamu lile tabasamu lake la matangani, akasema, "Mama, Alhamisi wewe utatufungulia na maombi."

"Maombi gani?"

"Ya kufungua kongamano. Hapa hakuna mtu anajua kuomba kama wewe."

"Na utafiti nani atausoma?"

"Calvince. Si unajua donor siku hizi anataka youth? Wewe ni mama yetu, umefanya yako. Sasa tuwachie vijana washike. Pumzika kidogo, Mama."

Akampigapiga begani, akaenda zake. Nelima akabaki amesimama pale, kikombe kimeinama, mpaka chai ikammwagikia kwenye kiatu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wake. Si kwamba alisaidia, wala si kwamba alishirikishwa. Ni wake tangu neno la kwanza. Na kila mtu chuoni alijua kwamba wafadhili walikuwa wanakuja Kisumu kufungua kituo kipya cha utafiti wa kazi na vizazi, na kwamba yeyote atakayesimama mbele yao Alhamisi ndiye atakayepewa ukurugenzi. Kwa hiyo Profesa Ogola hakumnyang'anya mikrofoni tu pale koridoni. Alimnyang'anya kituo, akampa sala.

Ili uchungu huo ueleweke, lazima turudi nyuma kidogo. Nelima alizaliwa Kaloleni, mtaa wa Kisumu, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji, baba akiwa mfanyakazi wa baraza aliyetoka upande wa Bungoma. Mamake, Nabututu, alikuwa mwombezi aliyejulikana mtaa mzima. Akishaanza kuombea chakula, watoto walijua ugali utaliwa baridi. Hakuwa mtu wa kuombea mambo kwa ujumla. Alimtajia Mungu jina la mwenye duka aliyepunja sukari, akamtajia na nyumba anayokaa, asije akakosea. Nelima alikua akisikiliza sala hizo jicho moja likiwa wazi.

Alisoma, akasoma tena, akaajiriwa chuoni mwaka mmoja na wanaume wawili wenye shahada kama yake. Kikao cha kwanza cha idara, chupa ya chai ilipoletwa, ikasukumwa mezani mpaka ikasimama mbele yake. Ilisukumwa tu, na wazee wa idara wakaendelea na ajenda. "Msichana wetu ametuchangamshia kikao," mmoja alisema alipopokea kikombe chake, na wote wakacheka vizuri kabisa, cheko la watu wasio na ubaya. Chupa ile haikuondoka tena mbele yake.

Alipoomba kupandishwa cheo aliambiwa, "Wewe bado msichana. Utaolewa, utazaa. Ngoja kwanza wazee wapande." Akangoja. Hakuolewa, na watoto hakujaliwa. Alipoomba tena akaambiwa, "Wewe huna watoto wa kulipia karo. Mwachie Robinson, ana familia." Akamwachia Robinson, mmoja wa wale wawili walioajiriwa naye, kwani angefanya nini? Akapata udaktari wake katikati ya hayo yote. Halafu asubuhi moja, nywele zikiwa zimeanza kumeta nyeupe, akaingia kikaoni akasikia, "Karibu, Mama." Akageuka kutazama ni nani aliyekuwa nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Kuitwa mama si tusi, nani asiyejua? Kisumu mwanamke wa makamo huitwa mama sokoni, kanisani na hospitalini, na ni heshima. Lakini kwenye meza ile Robinson alikuwa Daktari hata alipokuwa anaomba sukari, na aliyempitishia sukari alikuwa Mama. Alitoka kuwa msichana wao akawa mama yao, na hapo katikati hapakuwa na hata siku moja ambayo aliitwa kwa kazi aliyoisomea. Na kama kuna mtu anayeona haya ni mambo madogo, basi apewe yeye hiyo chupa aishike maisha yake yote, halafu aje atuambie.

Kinachokera zaidi ni kwamba jambo hilohilo ndilo alilokuwa akilichunguza. Alianzia Usenge, kando ya ziwa, kwa wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wadogo. Aliona wake vijana wakipewa sehemu mbovu za kuanikia, mbali na mashua zinapotia nanga, wakiambiwa wangoje zamu yao. Aliporudi miaka baadaye, akawakuta walewale wanaambiwa wamezeeka sasa, wapumzike, wawapishe vijana wa kiume wenye pikipiki. Zamu yenyewe ilipita lini? Hakuna aliyeiona. Akaenda kwenye benki za mjini, hospitalini, kwenye ofisi za serikali, akakuta maneno yaleyale, ila yanasemwa na watu waliovaa tai. Mwanamke kijana anaambiwa ngoja. Mwanamke mzima anaambiwa pumzika. Aliyaandika hayo kwa utulivu, pamoja na majedwali, kama usomi unavyotaka, akiwaita watu wake "wahojiwa". Hakuandika popote kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Na huyo Calvince Obonyo? Alikuwa mwanafunzi wake. Nelima ndiye aliyemfundisha jinsi ya kumhoji mtu bila kumtilia maneno mdomoni, na ndiye aliyemsomea tasnifu yake na kumrudishia mpaka ikasimama. Wakati huo Calvince alimwita Daktari, tena kwa adabu. Siku alipoajiriwa idarani akaanza kumwita Mama, kama wanaume wenzake. Si kijana mwizi. Alivutiwa kiti akakaa, bila kuuliza kilikuwa cha nani.

Jumatano alikuja ofisini kwa Nelima na kompyuta yake kwapani.

"Mama, samahani. Hapa kwa hii jedwali ya wamama wa Usenge, sijashika vizuri unamaanisha nini."

Jamani! Mtu anakuja kukuibia ng'ombe, halafu anakuuliza huyu hukamuliwa vipi. Na Nelima akamweleza. Ndiyo, alimweleza, tena vizuri, kwa sababu mwalimu akiulizwa swali hujikuta ameshajibu. Calvince alishukuru akatoka, na Nelima akafunga mlango akalia kwa hasira, akijilaumu kwa kila sentensi aliyomsahihishia.

Alhamisi ukumbi wa hoteli ulijaa. Wafadhili walikaa mbele, wazee wa idara nyuma yao na suti zao, na huko mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, walikaa wanawake wa Usenge, wamevalishwa fulana nyeupe zenye nembo ya kongamano. Kiongozi wao alikuwa Seline Akello, ambaye Nelima alilala kwake misimu mingi ya mvua akifanya utafiti. Seline alimshika mkono.

"Daktari, wewe unaongea saa ngapi?"

"Mimi naomba tu, Seline. Maombi ya kufungua."

"Yawa! Ile kazi yote tulifanya na wewe, leo wewe ni wa kuomba tu? Nani ataongea?"

Nelima akamwonyesha Calvince kwa kidevu. Seline akamtazama kijana yule na tai yake mpya, kisha akauachia mkono wa Nelima taratibu.

"Basi omba," akasema. "Omba vizuri."

Hapo ndipo Profesa Ogola alipokosea, na ni kosa la ajabu kwa mtu aliyekuwa mzee wa kanisa. Huku kwetu msemaji akizidisha muda unamwandikia kikaratasi. Mheshimiwa akirefusha hotuba unamzimia mikrofoni, unasema stima imekatika. Lakini mtu aliyefumba macho anaongea na Mungu, nani atamkatiza? Profesa alitafuta mahali padogo kuliko pote pa kumweka yule mama, akampa mahali pasipo na saa wala mwenyekiti.

"Tusimame," Profesa akatangaza. "Mama atatuongoza kwa maombi."

Watu wakasimama, wakainamisha vichwa. Nelima akashika mikrofoni. Alikuwa amekusudia kuomba sala fupi na kurudi kuketi, hilo aliapa baadaye. Lakini alipofumba macho ilimjia sauti ya mamake.

"Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa siku ya leo. Tunakushukuru kwa ziwa hili na kwa wanaolitegemea. Tunakushukuru kwa wageni wetu waliotoka mbali." Akavuta pumzi. "Na tunakushukuru, Bwana, kwa utafiti utakaosomwa hapa. Wewe unajua ulianzia Usenge, mvua ikinyesha, nikiwa na homa. Wewe ulikuwepo, Bwana. Seline Akello alikuwepo. Calvince hakuwepo, alikuwa darasa la tatu."

Mtu mmoja huko nyuma akakohoa. Seline akajibu kwa sauti, "Ee, Ruoth!" kama anavyomwitikia Bwana kanisani kwao.

"Tunawaleta mbele zako wasichana wote walioambiwa wangoje. Walingoja, Bwana, mpaka wakaambiwa wamezeeka. Unajua siku nilipoingia idara hii na shahada yangu, nikapewa chupa ya chai. Unajua vikombe nilivyojaza. Unajua nilinyimwa cheo kwa sababu nitazaa, na uliponinyima mtoto, nikanyimwa kwa sababu sikuzaa. Siulizi kwa nini Wewe uliamua hivyo, Bwana. Nauliza wao waliamuaje."

"Amina!" Profesa Ogola akasema kwa nguvu.

"Bado, Baba," Nelima akaendelea, macho yamefumbwa vilevile, "sijamaliza, na Wewe unajua sijamaliza. Wahurumie wanaosema amina kabla ya wakati."

Wanawake wa Usenge walikuwa wanaitikia sasa wote, "Ee, Ruoth," na fulana zao zinatikisika. Mfadhili mmoja alifungua jicho, akaona wengine wameinama, akalifunga haraka. Na Nelima akaomba. Aliomba utafiti wote. Aliombea benki na jinsi makarani wake wanawake wanavyoachwa palepale, akaombea hospitali, akaombea majedwali yote kwa mpangilio wake, na lile ambalo Calvince hakulishika akaliombea pole pole. Alipofika mwisho akajiombea mwenyewe.

"Na mimi, Bwana, sijachoka. Nani aliwaambia nimechoka? Katika jina la Yesu."

Amina iliyotoka mlangoni mwa jikoni ilitikisa vikombe. Amina ya suti ilichelewa kidogo.

Calvince akapanda jukwaani, jasho linamtoka, picha ya kwanza ikawaka ukutani nyuma yake, jina lake chini kwa herufi kubwa. Akajikaza akatabasamu.

"Asanteni. Kama vile Mama ametuombea..."

"Mama wa nani, Calvince?"

Nelima alikuwa hajaachia mikrofoni. Hakupaza sauti. Watu waliokuwa wanaketi wakabaki wameinama nusu.

"Mimi sikukuzaa," akasema. "Nilikufundisha."

Calvince alitazama ukutani, akalitazama jina lake pale, akawatazama wale wanawake wa Usenge ambao hakujua jina la hata mmoja wao. Kisha akaweka mezani kile kidude cha kubadilishia picha.

"Pole, Daktari," akasema, akashuka.

Nelima akapanda. Alisoma utafiti wake kwa muda mfupi tu, maana wote walikwisha kuusikia wakiwa wamefumba macho. Wafadhili waliuliza maswali mpaka chakula kikapoa, na hakuna hata moja lililoelekezwa kwa Profesa Ogola.

Usidhani walimbeba juujuu. Idarani walimfanya kaimu mkurugenzi, eti kaimu, mtu aliyekizaa kituo akashikizwe mlango kama mgeni. Wengine wakasema alimtukana Mungu, inafaa aombe msamaha. Alichomwambia Mungu kilikuwa kweli tupu, sasa msamaha ni wa nini? Alikataa. Akaenda kwa mafundi wa jua kali, akachongesha kibao cha mlangoni kinachosema Dkt. N. Wepukhulu, Mkurugenzi, na neno kaimu hakulitaja kwa fundi.

Kikao cha idara kilichofuata, Profesa Ogola aliuliza kama kawaida ni nani atafungua kwa maombi, kisha akakumbuka. Akakohoa.

"Leo kila mtu aombe kimya kimya," akasema.

Wakaomba kimya kimya, upesi sana. Chai ikaletwa, na chupa ikasukumwa kwa mazoea mpaka mbele ya Nelima. Nelima akairudisha katikati ya meza, akafungua faili lake. Robinson akatazama dirishani. Baada ya muda Profesa mwenyewe akanyoosha mkono, akaivuta chupa, akazungusha kifuniko huku, akakizungusha kule, akakibonyeza, na chai haikutoka.

"Daktari," hatimaye akasema, bila kuinua macho, "hii kitu inafunguliwa aje?"

"Jaribu tu, Profesa," Nelima akamjibu. "Utazoea."