Kunde za Mama Nilizozichoma

Nilirudi Kilosa nikiwa bwana shamba wa serikali, kaptula ya kaki imenyooshwa kwa pasi, kichwa kimevimba.

Baba alikuwa mkata mkonge. Wenye shamba la mkonge waliwagawia vibarua vipande vya ardhi iliyokwisha kuchoka, kwa sharti moja: kisichozaa kinachukuliwa kupandwa mkonge. Chetu alikilima mama. Kila masika alichanganya kunde na mahindi, na kabla ya kupanda alizigaragaza mbegu za kunde katika udongo mbichi alioubeba kutoka kwao Vidunda, kwenye shamba la marehemu bibi. Majirani walimcheka, mtu mzima anabeba udongo kuupeleka kwenye udongo! Lakini mahindi yake yalikuwa ya kijani, yao ya manjano.

Wiki yangu ya kwanza niling'oa mche mmoja wa kunde. Mizizi imejaa vinundu. Chuoni tulionyeshwa vinundu vya minyoo, tukaambiwa tung'oe, tuchome. Ndicho nilichokijua, nikaona kinatosha.

"Mwanangu, huo si ugonjwa," mama alisema. "Kunde nzuri ndivyo zilivyo."

"Mama, wewe umesomea wapi?"

Nikang'oa zote, nikachoma. Udongo uliobaki kwenye kikapu nikaumwaga mtoni, nikamkataza kuleta mwingine. Masika iliyofuata mahindi yetu yalitoka ya manjano, hayakubeba. Nyapara akaja na kamba ya kupimia. Kabla ya vuli palikuwa pameshapandwa mkonge.

Miaka ikapita. Kwenye mafunzo mengine, mkufunzi Mwingereza alipasua kinundu cha kunde kwa wembe. Ndani chekundu. Humu, akasema, wanaishi vijidudu wanaoutengenezea mmea mbolea kutoka hewani. Vya minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe. Hivi hubanduka kwa kidole. Vya mama vilibanduka. Nilivibandua mwenyewe, nakumbuka. Nilimlaani aliyenifundisha nusu, kisha nikajilaani mimi, na mpaka leo sijamaliza.

Nilikwenda kwa mama. Nikamwamkia, nikamweleza yote: vijidudu, hewa, hata udongo wa bibi ulivyowabeba. Alikuwa anapeta mahindi ya kununua. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Sasa kunde nikazipande wapi?"