Msumeno Unaopumzika Sabato

Imetangazwa kwa wote wauzao nyama, na nakala ikabandikwa kwenye mlango wa choo cha soko la Kebirigo, mahali ambapo kila mtu hufika, ya kwamba tangu sasa hakuna mfupa utakaokatwa kwa shoka juu ya gogo. Gogo, tangazo lilieleza, hunywa damu na kulea vijidudu; shoka hurusha vipande vya mfupa ndani ya nyama ya mwananchi. Kila buchari itakuwa na msumeno wa umeme, utakaoendeshwa na mtu anayeujua, na utatumika siku zote bila kisingizio. Wakaguzi watapita Jumamosi. Atakayepatikana na kasoro atafungiwa.

Persis Nyanchera alilisoma, akalirudia, kisha akamwuliza mtu aliyekuwa nyuma yake kama Jumamosi hiyo ni Jumamosi ya kawaida. Akaambiwa ni ya kawaida.

Persis ni Msabato. Buchari aliachiwa na marehemu mumewe, Nyakundi, pamoja na gogo, shoka na shemeji. Shemeji ni Machogu, ambaye ni Mkatoliki. Katika boma lao nusu walibatizwa kwa maji mengi na nusu kwa maji kidogo, na hakuna aliyewahi kuugua kwa sababu hiyo. Siku za kazi wanauza pamoja. Jumamosi buchari ni ya Machogu, nyama yake na wateja wake. Jumapili ni ya Persis. Mpango huu umedumu kwa sababu hakuna aliyewahi kuuitia kikao.

Machogu ni mtu mkubwa, mpole, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akishika shoka. Siku moja shoka lilimchukua ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kilichobaki alikitumia kuwaonyesha wageni njia, na wageni walipotea kidogo. Siku ya mazishi ya Nyakundi, mama mkwe alimshika Persis mkono, akamwonyesha Machogu aliyekuwa akipanga viti, akasema, "Huyu sasa ni wako kumwangalia." Persis aliuchukua msemo huo kama kazi ya kuajiriwa. Alianza kwa kuvihesabu vidole vya shemeji yake kila jioni, kwa macho, bila kumwambia.

Ndiyo maana msumeno aliununua kabla ya tangazo lolote. Aliuza fahali akiwa hai, bila kumchinja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe, akateremka Kisii mjini kwa Kartik, mwenye duka la vifaa vya buchari na hoteli.

"Mama, huu hauna macho," Kartik alimwambia, akiupiga msumeno kofi la kirafiki ubavuni. "Kwake mfupa na kidole ni mzigo mmoja."

"Na wewe vidole vyako viko wapi?"

Kartik akaviinua vyote. "Mimi nauza tu."

Lakini alimfundisha, na alimfundisha vizuri, maana Persis hakukubali kuondoka kabla hajakifungua na kukifunga kila kilichofunguka. Aliporudi Kebirigo akamwita fundi wa stima, akataka waya wa ardhi na soketi ambayo haitachaji simu ya mtu. Fundi alipomaliza, Persis aliweka sahani ya maji juu ya meza ya msumeno kuona yanaegemea wapi. Yaliegemea upande wa barabara. Wakasogeza vipande vya bati chini ya miguu ya mashine mpaka maji yakatulia, na hapo ndipo akamruhusu Machogu aingie.

"Meno ya mkanda wa chuma yanaangalia wapi?" Persis aliuliza.

"Chini, Mama Cynthia," Machogu alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Kinga ya juu unaishusha mpaka wapi?"

"Iiguse nyama karibu. Isibaki nafasi ya kupitisha mkono."

"Mkono unasukuma nini?"

"Mkono unasukuma kibao. Kibao kinasukuma nyama." Machogu akashusha pumzi. "Mama Cynthia, hata katekisimu niliifanya mara moja tu."

"Katekisimu haikati mtu. Mikono ya shati?"

Mikono ya shati ilikunjwa. Saa ilivuliwa. Glavu za kitambaa zilikatazwa, kwa kuwa mkanda ukikamata uzi huvuta na mwenye uzi. Simu ilikaa ndani ya koti, na koti likaning'inia nyuma ya mlango wa stoo. Kila jioni Persis alichomoa plagi, akafungua milango ya mashine, akakwangua unga wa mfupa kwenye magurudumu mawili yanayozungusha mkanda, akaosha kwa maji moto na sabuni bila kuimwagia mota, akakausha kila kona. Gogo lilitolewa nje, likawa kiti cha wateja wanaosubiri. Shoka halikutupwa.

Halikutupwa kwa sababu ya Jumamosi. Kartik alikuwa ameshauri kwamba msumeno ukikaa siku nzima bila kazi, mkanda ulegezwe, usivutike ukapasuka kabla ya wakati wake. Siku ambayo Persis hafanyi kazi ni moja tu. Basi kila Ijumaa, kabla jua halijashuka nyuma ya kilima cha Manga, alikizungusha kirungu cha juu cha kukazia mpaka mkanda ukalegea, akaifunika mashine kwa shuka safi, akaenda kuoga. Jumapili alfajiri aliukaza. Machogu, ambaye Jumamosi zake aliendelea kuzikata kwa shoka bila kumwambia mtu, hakuwahi kuona mkanda huo ukiwa umelegea. Kila alipoufikia, mkono wa shemeji yake ulikuwa umeshamtangulia kuukaza.

Juu ya ukaguzi walikubaliana kwa maneno machache. Machogu angesimama, angeonyesha, angejibu. Ijumaa hiyo walirudia kila kitu, na Machogu hakukosea hata neno. Kisha jua likawa linashuka, Persis akafanya alivyozoea, akaenda kuoga.

Aliukumbuka mkanda wakati wa somo la asubuhi, kanisani, katikati ya swali la mtu mwingine. Akatoka nje ya mlango, akampigia Machogu. Simu iliita mpaka ikachoka, maana ilikuwa ndani ya koti, nyuma ya mlango wa stoo, kama ilivyoamriwa. Mkanda uliolegea ukiwashwa huchomoka kwenye magurudumu, na hauulizi uelekee wapi. Akarudi ndani, akainama kwenye sikio la Ondieki, mzee wa kanisa.

"Mzee, kukaza skrubu ni kazi?"

"Skrubu ya nini?"

"Ya msumeno."

"Wa buchari?" Ondieki aliuliza kwa sauti iliyofanya safu ya mbele igeuke.

"Machogu atauwasha sasa hivi. Mkanda umelegea. Utamchukua mkono."

Ondieki akafikiri. "Andiko linamtaja ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato."

"Wangu ameshachinjwa."

"Basi tumtaje Machogu. Nenda. Lakini usiguse, sema tu. Kusema si kazi; wachungaji husema kila Sabato."

Persis aliteremka mteremko wa kwenda sokoni kwa viatu vya kanisani, akikimbia pale ambapo hakuna nyumba na akitembea penye watu. Watu walimsalimu Sabato njema, naye akaitikia wote.

Nje ya buchari palijaa. Kwenye gogo waliketi wateja wawili na mmoja asiyenunua kitu. Ndani alisimama bwana afya aliyekuja kukagua, ambaye kwa eneo hilo ni mwanamke aitwaye Joyline, koti jeupe, uso wa mtu ambaye ameona buchari nyingi tangu asubuhi. Machogu alikuwa amekunja mikono ya shati. Mguu wa ng'ombe ulikuwa juu ya meza. Alikuwa akieleza kuhusu glavu.

"Hilo umeshanieleza," Joyline alisema.

"Nilieleza za kitambaa. Sasa nakuja kwa sweta."

Ukweli ni kwamba Machogu hakuwa amewahi kuuwasha msumeno huo bila Persis kuwa chumbani, na hakutaka kuanza siku hiyo. Alikuwa amezieleza kanuni zote kutoka mwanzo, akazirudia kutoka mwisho, na sasa alikuwa anaelekea kuishiwa. Alipomwona shemeji yake mlangoni, na kitambaa cheupe kichwani na Biblia kwapani, alifurahi, kisha akashtuka.

"Mama Cynthia, leo ni Sabato."

"Najua ni lini. Chomoa plagi. Fungua mlango wa juu. Gusa mkanda."

Machogu akagusa. Mkanda ukacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Akautazama, akakitazama kidole chake kifupi, akakitia mfukoni kwa muda.

"Nani ameulegeza?"

"Nimeulegeza mimi. Ijumaa hulegezwa, upumzike."

"Hata huu ni Msabato?" aliuliza asiyenunua kitu, na gogo zima likacheka.

Persis akaiweka mikono nyuma, Biblia ikiwa ndani yake. "Zungusha kirungu kuelekea mlangoni. Endelea. Sukuma mkanda kwa kidole gumba. Unakubali?"

"Unakubali sana."

"Zungusha tena. Sasa?"

"Unakataa kwa adabu."

"Hapo. Zungusha gurudumu kwa mkono, uone mkanda unapita katikati. Usiuharakishe. Funga mlango. Simama kando, si mbele."

Joyline alikuwa ameacha kuangalia mashine. Alikuwa anawaangalia wao. Machogu akarudisha plagi, akaishusha kinga mpaka ikaikaribia nyama, akashika kibao, akabonyeza swichi.

Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena. Kwa kinyozi jirani mashine ya kunyoa ilikuwa imenyamaza, na mtu mwenye nusu ya nywele alikuwa ametoka nje kuuliza. Stima ilikuwa imepotea soko lote.

"Nimeona ya kutosha," Joyline alisema. "Huyu atabaki na mikono yake. Buchari imepita."

Persis aliuhesabu mkono wa kushoto wa shemeji yake, kisha wa kulia, akapata jumla ya siku zote. Akasema Sabato njema, akageuka kupanda mteremko, polepole sasa, hata penye watu.

Joyline alikuwa amefika mlangoni alipokumbuka nyumbani kwake. Akauliza kama anaweza kupata mbavu, zikatwe ndogo ndogo, za supu. Machogu akautazama msumeno, kisha taa. Kisha akaingia stoo, akarudi na shoka, na akawaomba waliokuwa wameketi kwenye gogo wasimame kidogo.