Surua na Wageni wa Mzazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino vya dada yangu, nikiamini mtu wa hesabu lazima aingie ofisini kwa mshindo. Mkuu wetu wa idara ya hesabu za magonjwa, ambaye sote tulimwita Chef, yaani mkubwa kwa Kifaransa, alinitazama juu mpaka chini, kisha akasukuma mbele yangu mabakuli matatu na mfuko wa maharagwe. Nikadhani ananituma jikoni. Hasira ikanipanda, maana sikukaa chuo kikuu miaka yote ile ili nije kuchambua maharagwe ya mtu.

"Kaa, Madamu," akasema. "Umeme umekatika, kompyuta imelala. Leo virusi tutaifuata kwa mukono."

Vijana wa leo mnabonyeza kitufe na mchoro unapanda wenyewe, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Bakuli la kwanza ni watoto ambao surua haijawapata. La pili ni wagonjwa. La tatu ni waliopona au waliochanjwa, ambao surua haiwarudii tena. Kila mzunguko unahamisha maharagwe kwa kanuni: mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi, anapona baada ya muda gani. Bakuli la kwanza likipungua sana, mgonjwa hapati wa kumwambukiza, na ugonjwa unazimika. Lakini watoto wanazaliwa! Kila mzunguko unatia maharagwe mapya bakuli la kwanza. Yakitosha, basi kila mgonjwa anayepona anaacha mgonjwa mwingine mmoja nyuma yake, hawazidi wala hawapungui. Hapo ugonjwa umeacha kuwa mgeni. Umekuwa mwenyeji.

Kazi hiyo niliipenda siku ileile, ingawa viatu vilinitoa malengelenge.

Nilikuwa nimeshazoea ofisi pale vita ilipoukata mji vipande. Wa Bwiza alikaa Bwiza, wa Kanyosha alikaa Kanyosha, na mwanamume aliyevuka mtaa usio wake alikuwa ameaga kwao. Chanjo ikayumba, surua ikalipuka. Tulizika watoto, jamani. Halafu polepole wagonjwa wakaanza kupungua, na Mkurugenzi, aliyekuwa juu ya Chef, akataka jibu: je, inakwisha, au itabaki? Chanjo zilikuwa kidogo. Kama mjini inakwisha, zote zingepelekwa milimani, kambini kwa waliokimbia, na vituo vya mitaani vingefungwa. Tukikosea, watoto wa mjini wangengojea surua mikono mitupu.

Tulipiga hesabu kwa uaminifu. Kwa kuwa mitaa ilikuwa imefungiana, kila mtaa tuliupa mabakuli yake: Gihosha yake, Bwiza yake, Kanyosha yake. Na mtaa mdogo peke yake hauwezi kuilisha surua. Inakula waliopo, inangojea watakaozaliwa, na kabla hawajatosha mgonjwa wa mwisho ameshapona. Kila tulipozungusha, bakuli la pili lilibaki tupu. Chef akamwambia Mkurugenzi: inakwisha. Tulifurahi, mimi nikanunua sambusa za ofisi nzima.

Wiki hiyohiyo mke wa Chef akajifungua mtoto wa kike, Nadine, nyumbani kwao Gihosha.

Sasa kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wenzake wanakwenda kumwona; tunasema kuona mzazi. Hakuna kadi ya mwaliko. Unabeba unga wa uji, sabuni, soda, chochote, na mtoto wako mgongoni, unakwenda. Jumapili ile nilifika nikakuta sebule imejaa. Akina mama wako kwenye makochi, na katikati kuna mkeka mmoja mkubwa, watoto wanaotambaa na wanaoanza kutembea wamerundikwa pale, wanang'ang'aniana kijiko, wanakoholeana usoni, raha tupu.

Chef akatoka chumbani na sahani ya mandazi. Akasimama. Akamwuliza mama mmoja mnene aliyekuwa anapepea, jina lake Asha:

"We, unatoka wapi?"

"Kanyosha."

"Kanyosha! Umepita aje?"

"Nimesema naenda kuona muzazi," Asha akajibu, akimshangaa. "Nani atazuia mutu anaenda kuona muzazi?"

Akamwuliza wa pili, huyo katoka Bwiza. Wa tatu, kutoka mtaa ambao Chef mwenyewe hakuwa ameukanyaga tangu vita ianze. Wanaume walikuwa wamejifungia, kumbe wake zao wanavuka vizuizi na watoto migongoni, na wale vijana wenye bunduki wanawapisha!

Chef akanitazama mimi. Sahani bado ameishika.

"Madamu, mu hesabu yetu, hawa wako wapi?"

"Hawamo, Chef."

"Na bibi yangu amezaa tu. Kila mwanamuke akizaa, watajikusanya hivi?"

"Kila mmoja, Chef. Tena wa mimba ya kwanza ndiyo usiseme."

Mkewe akapaza sauti chumbani: "Mandazi yanapoa, mzee, na wageni wana njaa!" Tukacheka wote isipokuwa Chef.

Kesho yake tuliyarudisha mabakuli mezani. Safari hii kila maharagwe mapya yalipoingia, tulivusha punje chache kutoka mtaa hadi mtaa. Surua haikuzimika. Ikilala Bwiza, inaamshwa na Kanyosha. Uzazi uliokuwa unailisha ndio huohuo uliokuwa unaibeba. Tulizungusha tena na tena, tukitamani ife, haikufa. Siku chache baadaye mtoto wa Asha akatoka vipele. Alipona, namshukuru Mungu mpaka leo.

Nilikwenda na Chef kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akapiga meza.

"Wiki iliyopita uliniambia inakwisha!"

"Siku ile sikukuwa na mutoto, Bwana Mukurugenzi," Chef akasema. Akaeleza mkeka, akaeleza akina mama wanaovuka vizuizi. Mkurugenzi akajiuliza kwa sauti kama mke wake yeye naye huenda kuona wazazi, akajijibu mwenyewe: huenda.

Vituo havikufungwa. Milimani walipata sehemu yao, sisi tukabaki na sehemu yetu, na wachanjaji wakaanza kuulizia nani kajifungua, wanakwenda na kijisanduku cha barafu mpaka kwenye mkeka wenyewe. Nadine alipofikisha umri wa chanjo alichomwa Gihosha, karibu na kwao, akalia mpaka barabarani. Nilikuwepo, nikalia naye.

Baadaye nilihamishwa, nikafundisha, nikawa mkuu wa idara mimi mwenyewe, nikastaafu. Modeli za hesabu za magonjwa nimeziona nyingi, nzuri kuliko maharagwe. Hakuna niliyoipenda hivyo.

Juzi Nadine kajifungua. Nikachukua unga wa uji, nikapanda Gihosha. Chef ameketi kwenye kiti mlangoni, mzee sana sasa, majina yamemponyoka, mpaka langu. Lakini kila mama akiingia na mtoto mgongoni anamshika kanga: "Mutoto amechanjwa?" Wanacheka, wanamjibu, ndiyo muzee.

Nilipofika akanikazia macho.

"We, unatoka wapi?"

"Bwiza, Chef."

"Umepita aje?"

"Nimesema naenda kuona muzazi."

Uso ukamfunguka. Akanivuta mkono, akanong'ona akielekeza kidole ndani, kwenye mkeka:

"Na hawa, umewatia mu hesabu?"

"Wote, Chef," nikamwambia. "Wote wamo."